Mtunza Vane wa Kamina

Alikuwa na tabia ya kutazama miguu yako kabla ya kukusalimu. Wageni walidhani anapima viatu, na wenye viatu vibovu walimchukia kwa hilo. Sisi wa mtaani tulijua. Alikuwa anaangalia kama umesimama juu ya vane. "Sogea kidogo, mwana," alisema, "uko unakanyaga mayi ya bantu," yaani maji ya watu. Halafu ndipo alipotoa mkono na kuuliza habari za nyumbani.

Vane ni mlango wa chuma uliofukiwa ardhini kwenye bomba la maji. Ukiuzungusha upande mmoja, mtaa mzima unapata maji. Ukiuzungusha upande wa pili, mtaa mzima unakaukiwa. Katika Kamina yetu milango hiyo ilikuwa mingi. Mingine ilikuwa chini ya barabara, mingine katikati ya mihogo ya watu, na mmoja ulikuwa chini ya meza ya fundi cherehani sokoni, ambaye alilazimika kuinua kitambaa na kusogea kila asubuhi. Hakuna aliyejua yote iko wapi isipokuwa yeye. Kwa hiyo mji mzima ulimwita Papa wa Vane. Hata mke wake alimwita hivyo siku za hasira. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, kanisani, na nikaona halimfai.

Ninamwandika kwa sababu ya mwaka ule ambao maji yetu yalitakiwa kutoka mikononi mwa serikali na kupewa kampuni ya watu binafsi, nasi tukakataa. Wengine walikataa kwa midomo, wengine kwa miguu. Yeye alitakiwa akatae kwa kunyamaza tu. Ramani ya mabomba haikuwepo popote ila kichwani mwake, na bila ramani hiyo kampuni isingeweza kufunga hata robine moja, bomba la kutekea la mtaani. Silaha yetu yote ilikuwa ni hiyo: kichwa cha mzee mmoja wa kanisa la Metodisti, chenye kofia ya zamani ya reli.

Mimi sikuwa mtu wa kukaa. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo nimebeba makaa kwa baiskeli, nimelala juu ya mabehewa, nimepakia samaki wa Kabondo-Dianda katika malori, makamyo yetu, yaliyokwama siku nne kwenye matope. Kila niliporudi Kamina nilimtafuta. Haikuwa vigumu kumpata. Ungemwona asubuhi na mapema akishuka kutoka kampi ya reli, bega moja chini kuliko lingine kwa sababu ya ule ufunguo wake mrefu wa chuma, wenye mkono wa kukingama juu, uliomzidi kimo. Nilitembea nyuma yake na kuuliza maswali. Kwa nini hili bomba ni la udongo na lile la chuma? Nani alilichimba? Kwa nini maji ya stesheni yana ladha ya msumari? Alijibu kila swali, hata la kipumbavu, na alijibu taratibu kama mtu anayepanga matofali.

Maji ya serikali hayakuwa mazuri kiasi hicho, nisije nikadanganya. Yalitoka kwa zamu. Mtaa huu asubuhi, ule mchana, mwingine siku ya pili. Pompe ya kusukuma maji ilikuwa ndogo na mji ulikuwa umekua. Lakini zamu ilikuwa zamu, na mlinzi wake alikuwa yeye. Tajiri na maskini walisimama kwenye robine ileile ya mtaani, bidoni nyuma ya bidoni, yale madumu ya plastiki, na hakuna aliyeulizwa kadi.

Ukali wake katika zamu ulikuwa wa kuchosha. Siku ya ndoa ya binti yake, wakwe wameketi, bukari, ugali wetu, iko mezani, kuku bado anatoa moshi, alitazama saa na akasimama.

"Unaenda wapi?" mke wake alimwuliza mbele ya watu wote.

"Saa imefika. Bantu ba mutaa wa juu beko banangoja."

"Na bakwe?"

"Bakwe beko banakula. Bale habajakunywa."

Akatoka na suti yake. Mke wake, tuliyemwita Mama, ambaye alikulia kampi ya reli na alikuwa na ulimi wa huko, aliwageukia wageni. "Musishangae, bakwe. Minyi niko bibi ya pili. Ya kwanza iko ya chuma, anaibebaka ku mabega." Watu walicheka hadi yule kuku akapoa. Papa aliporudi, suruali ina udongo magotini, alikuta bado wanacheka na hakuuliza sababu.

Jirani mmoja aliyekuwa amejifungua alikuja siku nyingine kuomba ndoo moja nje ya zamu. Papa alikataa kufungua vane. Mwanamke akaanza kulia, akamwambia moyo wake ni wa chuma kama kazi yake. Papa aliingia ndani, akabeba pipa dogo la maji la nyumba yake mwenyewe, lote, akampelekea. Mke akauliza watapikia nini. "Tutangoja zamu," alisema. Usiku ule walikula mahindi ya kuchoma.

Hakuwa mtu wa kusema uongo, na hilo lilijulikana sana kanisani. Hata hivyo nilikuwepo siku mkubwa mmoja wa mji alipomtuma askari wake amwambie Papa amfungulie maji mchana, aoshe magari.

"Ambia mukubwa," Papa alisema, "vane ya kwake imekamata kutu."

Askari alipoondoka nikamcheka. "Papa, leo umedanganya."

"Sikudanganye. Kutu iko. Mu chuma yote kutu iko."

Na aliendelea kutembea, lakini nadhani alitabasamu, kwa sababu kofia ilisogea.

Kitu alichokichukia ni karatasi. Zamani katika ofisi ya maji kulikuwa na michoro ya mabomba, mikubwa kama shuka, na mchwa waliila yote ndani ya kabati. Kila mkuu mpya wa ofisi alimwita na kumwekea kalamu mbele.

"Chora, Papa. Ukikufa, tutafanya namna gani?"

"Mutachimba. Na sisi tulichimbaka."

Aliniambia sababu yake tulipokuwa tumeketi juu ya reli ya zamani tukila karanga. Siku ramani itakapokaa mezani kwa mkubwa, alisema, mkubwa atajifungulia mwenyewe, na mtaa wa juu utakunywa vumbi. Niliona ni sababu nzuri. Sikuona, wakati ule, kwamba pia ilimfanya awe peke yake. Vijana waliotumwa kujifunza kwake hawakumaliza mwezi. Walitaka pikipiki. Yeye alitaka wakae chini wamsikilize.

Halafu redio ya mji ikatangaza habari ya kampuni. Ilitoka mbali, ilikuwa na magari mapya, na ingekuja kuboresha. Katika ule mpango robine za mtaa zingefungwa zote, na mahali pake zingejengwa kioski za maji zenye mashine ya kadi. Asiye na kadi angeteka kijitoni bondeni, ambako watu huosha baiskeli na nguo za wagonjwa.

Tulikusanyika katika ukumbi wa shule ya misheni. Nilikuwa nimerudi siku mbili tu, sikuwa mwanachama wa chochote, lakini nilipenda kusikia. Komite ikachaguliwa. Sekreteri wake alikuwa mwalimu wa darasa la sita, mwembamba, anayeandika kila neno katika daftari la mraba-mraba. Papa wa Vane ndiye aliyemfundisha huyo shule ya Jumapili akiwa mdogo, na mpaka uzee alimwita mwana. Mwalimu naye alimwita tata, yaani baba kwa Kiluba, hata mbele ya wakubwa.

Wiki ile wanawake walikwenda kuketi mbele ya ofisi na bidoni tupu, wakizipiga kwa viganja. Ilikuwa sauti ya ajabu, kama mvua inayokataa kuanguka. Polisi mmoja kijana alimsogelea mama wa mbele.

"Mama, rudi ku nyumba."

"Ku nyumba kufanya nini? Weye lelo utaoga na nini?"

"Mama, minyi niko mu kazi."

"Na mama yako iko mu kazi vilevile. Angalia nyuma yangu, ule wa kitambaa cha kijani. Muambie yeye kwanza."

Kijana aliangalia, akamwona mama yake, akavuta kofia machoni. Alirudi ukutani na hakusogea tena hadi jioni. Nilipenda mji wangu siku ile kuliko siku nyingine yoyote.

Saini zilikusanywa, barua ikapelekwa, na barua haikujibiwa. Ndipo watu wakaelewa kwamba kilichobaki ni Papa. Katika mkutano wa pili walimsukuma mbele. Alisimama ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Minyi sijue kusema mingi," alisema. "Kampuni ikiniuliza vane iko wapi, sitajibu. Ni vile tu."

Ukumbi ulilipuka. Wazee walipiga miguu chini, mwanamke mmoja akapiga kigelegele kirefu mpaka akakohoa. Sekreteri aliandika maneno yale, nilimwona, akayapigia mstari chini.

Wazo la mawe lilitoka kwake sekreteri. Alisema, na alisema kweli, kwamba mzee anaweza kuugua au kukamatwa, na hapo mitaa itabaki haijui hata cha kulinda. Kila mtaa uwe na ramani ya vane zake, alisema, uzilinde mchana kutwa. Papa alitikisa kichwa mara tu aliposikia neno ramani. "Haiko karatasi, tata," sekreteri akamwambia. "Ni mawe na chokaa."

Mtu wa nje hataelewa jinsi jambo hilo lilivyomshika. Watu wa kampi ya reli hupaka mawe chokaa. Kila sikukuu, kila anapokuja mkubwa wa kutoka mbali, mawe ya kando ya njia hupakwa meupe, na vigogo vya miti, na ukingo wa makaburi. Mtu wa reli akiona jiwe chafu hutafuta brashi. Kwa hiyo mawe meupe yakijaa mji mzima juma moja kabla ya sikukuu ya mavuno, nani angeshangaa? Tuliyapanga kama kawaida, mawili mawili kando ya njia, na penye vane tukalaza jiwe moja kwa kukingama. Asiyejua angeona mapambo tu.

Mimi nilibeba ndoo ya chokaa. Papa alitangulia, akionyesha kwa kidevu. Hapa. Hapa tena. Vuka. Mahali pengine alifumba macho kwanza, akahesabu hatua kutoka kwenye kona ya nyumba iliyobomoka zamani, na tulipochimba kiganja kimoja tukagonga kifuniko. Kazi ilichukua siku sita. Siku ya mwisho tulipanda kwenye tuta la reli tukatazama chini. Jua lilikuwa linawaka juu ya chokaa, na kwa mara ya kwanza nikauona mji kama yeye alivyouona. Mistari meupe ikishuka kutoka tangi, ikigawanyika sokoni, ikipinda kwenye kanisa, ikipanda tena taratibu hadi mtaa wa juu.

"Ona," aliniambia. "Ona namna inapanda."

Alirudia maneno hayo mara tatu au nne. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile, hata siku ya harusi. Karibu na jioni nilipata nafasi kwenye kamyo ya Bukama, nikamwachia ndoo na brashi.

Kampuni ilifika nikiwa njiani. Nilisimuliwa baadaye kwamba majuma mawili ya kwanza yalikuwa sherehe. Wafanyakazi wao walichimba popote. Walichimba mbele ya posta wakapata mzizi, wakachimba nyuma ya soko wakatoboa choo cha mtu, na watoto wakawaimbia siku nzima. Injinia wao alikuwa kijana mpole, aliyejifunza mambo yake huko mbali lakini anayesalimia wazee kwa kuinama. Watu walimwonea huruma kidogo. Kila mtaa ulikuwa na mlinzi aliyeketi karibu na jiwe lake, akifuma kikapu au akinyoa watu.

Niliporudi kutoka Bukama ilikuwa Jumapili. Jumatatu asubuhi wafanyakazi walikwenda moja kwa moja kwenye mawe yaliyokingama. Hawakuuliza, hawakupapasa. Walikwenda na polisi wengi, wasio wa kwetu. Fundi cherehani alinieleza kwamba waliinua meza yake wenyewe, kwa adabu, wakamrudishia kitambaa chake kimekunjwa. Ndani ya siku mbili kila vane ilikuwa na kifuniko kipya chenye kufuli. Siku ya tatu robine za mtaa zilikohoa, zikatema maji mekundu kidogo, zikanyamaza.

Nimeona njaa na nimeona treni iliyoanguka, lakini sijaona mji ukiwa kimya kama Kamina juma lile. Wanawake walisimama kwenye robine zilizokauka wakiwa na bidoni zao, kwa mazoea tu, wakatazamana, wakarudi. Na baada ya kimya likaja swali. Nani amesema?

Walisema ni sekreteri. Alikuwa na daftari. Wazo la mawe lilikuwa lake. Na kuna mtu aliyemwona siku ya mvua amepanda pikipiki ya yule injinia, akishushwa mbele ya shule. Hayo matatu yalitosha. Watoto wake walipigwa njiani. Mtu alimwaga majivu mlangoni kwake. Jumapili, kwaya iliposimama, wale waliokuwa kushoto kwake na kulia kwake walisogea, akabaki na nafasi pande zote mbili kama jino lililobaki peke yake. Aliimba mpaka mwisho. Sauti yake ilikuwa ya chini na nzuri, na siku ile ilisikika yote.

Papa wa Vane alikuwa ameketi benchi la tatu. Hakusema neno, na tulidhani ni huzuni. Watu walimpelekea unga na kuku, walimwambia pole kwa mwana aliyemuuza.

Sekreteri alihama kwenda Kabongo, kwa ndugu za mkewe. Nilimsaidia kufunga vitanda juu ya kamyo.

"Weye unaamini?" aliniuliza.

Nikasema hapana. Nilisema nikiwa nafunga kamba, bila kumtazama usoni.

Papa alikuja dakika ya mwisho. Alimshika mwalimu mkono, akaushika kwa muda mrefu sana, akiangalia chini. "Basi, tata," mwalimu akasema, "ubaki muzuri." Dereva akawasha mashine. Papa aliachia mkono, akabaki katikati ya vumbi, mdomo wazi kidogo.

Mimi nami niliondoka. Mji uliokuwa umenichekesha ulikuwa umeniudhi, na mimi nikiudhika hutafuta kamyo. Nilikaa Kabondo-Dianda misimu kadhaa nikivua na wenyeji, kisha Lubumbashi, kisha sijui wapi.

Nilirudi mwaka huu. Kioski ni za bati, zimepakwa rangi ya samawati, kila moja ina dirisha dogo na msichana ndani. Unaweka kadi, mashine inalia, bomba linatoa kiasi chako na kukata hapohapo, hata kama bidoni imebakiza vidole viwili. Watu wamezoea. Hakuna anayelinda zamu maana hakuna zamu. Mwenye nacho anateka wakati wowote, na asiye nacho anashuka bondeni. Njia ya kushuka bondeni imekuwa pana.

Nilimkuta kwenye mstari wa kioski, karibu na soko. Mwanzoni sikumtambua, kwa sababu bega lake lililoshuka lilikuwa limerudi sawa na lingine. Alikuwa na bidoni moja ya njano. Alinitazama usoni moja kwa moja.

"Ulirudi."

"Nilirudi, Papa. Mama iko muzima?"

"Mama alikufa. Tumbo." Alisogeza bidoni kwa mguu, mstari ulikuwa umesogea. "Alisema hatakunywa mayi ya kuiba. Bantu bote balikuja kukamata kadi, yeye hapana. Alikuwa anateka ku kijito. Minyi namuambia chemsha, anachemsha. Siku ingine makaa haiko."

Nilimpa pole. Nikasema kwamba yule sekreteri alaaniwe kama kweli ndiye.

Mbele yetu mashine ililia, mtu akaondoka.

"Haikuwa yeye," alisema. "Ni minyi."

Nilidhani anazungumza kama wazee wanavyozungumza, wakijitwika makosa ya dunia. Lakini aliendelea, kwa utaratibu wake uleule.

"Ule enjenieri alikuja ku nyumba, jioni. Hakuniuliza vane iko wapi. Angeniuliza vile, ningemufukuza. Aliniuliza namna gani mayi inapandaka mpaka ku mutaa wa juu na ile pompe kidogo. Alisema amehesabu ku karatasi, haiwezekane." Alinitazama. "Hakuna mutu aliniuliza ile swali. Na weye uliniulizaka mingi, lakini kamyo ikipiga honi, ulienda. Ule alikaa. Siku tatu. Nilimuchorea mu mchanga, namna tunafunga ya chini kwanza, tunangoja, tunasukuma. Alikuwa anasikia muzuri. Siku ya tatu nilimupandisha ku tuta ya reli. Nilitaka aone tu. Nilitaka mutu mumoja aone."

"Na jiwe la kukingama?"

"Aliuliza. Nilikuwa katikati ya maneno. Nilimujibu."

Nilikumbuka ile nafasi pande mbili za mwalimu kwenye kwaya.

"Juu ya nini hukusema, Papa? Balimupiga mutoto yake."

"Siku ya kamyo nilitaka kusema. Mukono yake ilikuwa mu mukono yangu." Akatikisa kichwa. "Mama aliuliza siku moja tu, kama ni kweli ni mwalimu. Nikamuambia sijue. Ile njo nilidanganya. Akaenda kuteka ku kijito."

Halafu alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Aligeuka, akawatazama watu waliokuwa nyuma yetu, labda kumi na tano, wengi wao wanawake, akavua kofia.

"Bamama," alisema kwa sauti. "Minyi njo Papa wa Vane. Munisikie. Ni minyi nilionyesha kampuni mawe. Sekreteri hakusema kitu. Ni minyi."

Mama mmoja mtu mzima alimtazama kwa muda, kisha akainama kukaza kifuniko cha bidoni yake, ingawa kilikuwa kimekazwa. Msichana mwenye mtoto mgongoni alimwuliza jirani yake, "Sekreteri gani?" Jirani akainua mabega.

"Papa," mwingine akasema kutoka nyuma, wala si kwa ubaya, "endelea mbele. Line inatembea, niko na chungu ku moto."

Aligeuka. Alikuwa amefika dirishani.

"Muzee, kadi," alisema msichana wa kioski.

Akatoa kadi. Mashine ikalia. Maji yakatoka, yakakata. Tulibeba bidoni kwa zamu mpaka nyumbani kwake, na njiani hakutazama chini hata mara moja. Alimimina maji yote kwenye mtungi wa jirani, akafunga mlango, akavaa koti. Nilimwuliza anakwenda wapi.

"Treni ya Kabongo inapita siku gani sasa?"

"Hakuna anayejua, Papa. Ngoja, nitaenda minyi. Minyi nimezoea njia, nitamuambia yote."

"Hapana. Weye utafika, atakupa bukari, mutacheka kidogo. Hii haiko ya kutuma."

Tulikwenda stesheni. Mtu wa stesheni alisema labda juma hili, labda lijalo, injini iko matengenezoni, mzee arudi nyumbani wangemwita. Papa alisema masikio yake hayasikii vizuri akiitwa, akaketi kwenye benchi la saruji. Nilimpelekea chakula jioni ile, na kesho yake. Siku ya tatu treni ilikuwa bado haijafika, na nilimkuta mahali palepale, vifungo vyote vya koti vimefungwa, kifua kinamnguruma kwa baridi ya asubuhi. Niliweka sahani pembeni yake na kumwuliza lile lililonisumbua usiku kucha.

"Papa, na kama atakataa kukusikiliza?"

Alitazama upande ambao reli inapotelea.

"Basi atakuwa amenikataa minyi," alisema. "Mpaka lelo, ni yeye bantu banakataa."